Ukijani ulio nyuma ya taa za pango lenu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, ile unayouliza namna ya kuondoa ukijani katika pango lenu la wageni, na kabla ya yote nakusihi: msiingize brashi pangoni kwanza. Ule ukijani unaotambaa ukutani nyuma ya taa ni mwani, na unalishwa na taa zenu wenyewe. Mkiusugua leo na taa zikabaki zilivyo, utarudi, na mtakuwa mmekwangua jiwe ambalo halitajijenga upya katika umri wetu.

Wenzako wa kamati waeleze kwanza jiwe hilo linavyojengeka. Maji ya mvua yakipita kwenye udongo hunyonya hewa ya ukaa inayotokana na mizizi na vijidudu, yakawa asidi dhaifu, yakayeyusha mawe ya chokaa katika nyufa. Yakifika darini mwa pango hukuta hewa yenye ukaa (yaani hiyo hewa ya ukaa) mchache kuliko ule wa udongoni. Ukaa wa ziada hutoka, na maji hushindwa kuendelea kubeba chokaa yote. Simama chini ya stalaktiti changa, kile kimrija cha chokaa kinachoning'inia darini chenye upana wa milimita 5 hivi, utazame tone linavyoning'inia mdomoni. Kabla ya kudondoka huacha ukingoni utando wa chokaa usioonekana kwa macho. Kwa mwaka mzima, mara nyingi urefu hauongezeki hata milimita moja. Mgeni akigusa pale kwa kidole, mafuta ya ngozi huyazuia maji kutandaa, chokaa haishiki tena sawasawa, na vumbi hunata mpaka pakawa peusi.

Mambo hayohayo hugeuka kinyume watu wakizidi. Pumzi tunayotoa ina ukaa wa asilimia 4 hivi, karibu mara mia ya hewa ya nje. Mvuke wake ukigeuka maji kwenye ukuta wa baridi, maji hayo yanakuwa asidi na kuula uso wa jiwe. Pango la Lascaux, Ufaransa, lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948 na kufungwa 1963, kwa sababu mwani wa kijani na utando mweupe wa chokaa ulikuwa unaharibu michoro ya kale.

Sasa taa. Gawanyeni njia katika vipande, kila kipande kiwe na swichi yake, na taa zizimwe kundi linapopita. Saa za kuwaka ndizo zenye uzito kuliko yote. Kisha zisogezeni mbali na ukuta, hasa penye maji, na mpunguze ukali wake. Taa za LED ni nzuri kwa kuwa hazitoi joto jingi, ila zikiwaka kutwa nzima mwani utaota vilevile. Chagueni zenye rangi ya manjano, maana mimea hutumia zaidi mwanga wa buluu na mwekundu.

Mkishafanya hivyo, ndipo muue mwani uliobaki. Klorini siipendi kabisa: inatoa gesi kali kwenye hewa isiyozunguka na kudhuru wadudu wanaoishi humo. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 15 inatosha, nayo huishia kuwa maji na oksijeni. Tatizo lake ni uchachu kidogo, unaoweza kuula ukuta. Kwa hiyo tieni vipande safi vya mawe ya chokaa ndani ya dawa saa 10 au zaidi kabla ya kuitumia, ili uchachu huo uishie kwenye vipande hivyo badala ya ukutani. Chombo kisifungwe kabisa, kwani oksijeni inayotoka inaweza kukipasua. Vaeni glavu na miwani ya kukinga macho, mjaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana, na msiisogeze karibu na mifupa wala michoro. Palipokwisha kufunikwa na chokaa mpya juu ya ukijani, paacheni. Hapo hakuna dawa inayofika.

Mbao za njia ziondoeni, zinaoza na kulisha ukungu. Mabati yenye zinki nayo humwaga zinki kwenye maji ya pango. Tumieni chuma kisichoshika kutu. Nyuzi za nguo na nywele zinazodondoka njiani zikusanywe kwa brashi laini na vibanio, bila kumwaga maji ya kuoshea.

Kuhusu ule mlango mpya wa pango mnaoutaka, msitoboe lango lolote bila kuweka milango miwili, mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Pango la Kartchner huko Arizona, Marekani, lililofunguliwa kwa wageni mwaka 1999, lilijengewa milango ya namna hiyo ili hewa kavu ya jangwani isinyonye unyevu wa ndani.

Na lile eneo la kuegesha magari mnalopanga juu ya pango, nakuomba ulipinge kwa nguvu zako zote. Lami itazuia mvua kupenya, matone ya chini yatakauka, na mafuta yatapita kwenye nyufa zilezile. Nitumie ramani ya sehemu hiyo pamoja na vipimo vya joto, unyevu na ukaa, vya asubuhi kabla ya wageni na vya jioni baada yao, ili tuone hewa inachukua muda gani kurudi ilivyokuwa.

Wako,
Rafiki yako