Viwanda vitoe hesabu ya sumu kila mwaka, nasi tuisome

Mhariri,

Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliwarejeshea wakazi wa Owino Uhuru, hapa Mombasa, fidia ya shilingi bilioni 1.3 ambayo Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa mwaka 2020 na Mahakama ya Rufaa ikaifuta mwaka 2023. Tulifurahi pamoja nao, maana wengi wetu tunaoishi Mikindani tuna jamaa au wanafunzi wa zamani katika kijiji kile. Hata hivyo, hukumu ile ilihusu madhara yaliyokwisha kutokea. Mimi naandika kuhusu kitu ambacho kingeyafichua mapema, nacho ni taarifa ya kila mwaka ambayo kila kiwanda kingelazimika kuitoa hadharani, ikitaja kila kemikali ya sumu kwa jina lake na kilo zilizotoka.

Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi Owino Uhuru mwaka 2007 na kazi hiyo ikakoma mwaka 2014. Miaka yote hiyo watu waliuona moshi na maji machafu kwa macho yao, lakini hawakuwa na hesabu yoyote ya kumwekea afisa mezani. Phyllis Omido, ambaye baadaye aliongoza harakati za kukifunga na kutuzwa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho hicho, naye alijua kwamba tatizo ni risasi, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, baada ya mwanawe kuugua na kupimwa damu. Nimefundisha kemia katika shule za upili kwa miaka mingi, na jambo hilo linanisumbua hadi leo, kwamba damu ya mtoto ndiyo iliyofanya kazi ambayo karatasi moja ya kiwanda ingeifanya.

Wako waliokwisha kulipitia hili. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi iliyovuja katika kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide mjini Bhopal, India, iliua maelfu ya watu. Agosti 1985 kiwanda cha kampuni hiyo hiyo huko Institute, katika jimbo la West Virginia, nacho kikavujisha kemikali, na watu zaidi ya 100 wakapelekwa hospitalini. Wamarekani wakatambua kwamba hawajui kilichomo nyuma ya kuta za majirani zao, na tarehe 17 Oktoba 1986 Rais Ronald Reagan akatia sahihi sheria ya mipango ya dharura na haki ya jamii kujua. Tangu mwaka 1988, kila ifikapo tarehe 1 Julai, viwanda vinavyohusika hutakiwa kuwasilisha hesabu ya mwaka uliotangulia, na serikali huichapisha ili yeyote aisome bila kulipa na bila kueleza anaitakia nini.

Fomu yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Kila kemikali hujaziwa fomu yake. Hewa imegawanywa mara mbili: kiasi kilichopanda kupitia bomba la moshi, na kiasi kilichotoroka chini kwa chini kupitia milango, vali na viungo vya mabomba. Kiwanda kikimwaga majini, kinataja jina la mto au kijito kilichopokea. Kinaeleza kilichofukiwa ardhini, na kama taka zilisafirishwa, kinataja jina na anwani ya mahali zilikopelekwa. Sheria nyingine ya mwaka 1990 iliongeza maswali kuhusu kiasi kilichotumika upya na hatua zilizochukuliwa kupunguza taka zenyewe. Anayeishi karibu na kijito hahitaji kuwa mkemia ili aelewe ukurasa kama huo.

Sheria ile ya mwaka 1986 haikuamuru kiwanda chochote kipunguze hata kilo moja. Lakini mwaka 1988, taarifa za kwanza zilipokuwa zinawasilishwa, mkuu wa kampuni ya Monsanto, Richard Mahoney, aliahidi kwamba wangepunguza kwa asilimia 90 sumu wanayoitoa hewani kufikia mwisho wa mwaka 1992. Kuijua hesabu yako ni jambo moja. Kujua kwamba majirani zako wote wataisoma ni jambo jingine kabisa.

Sisi sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, pamoja na kanuni zake za mwaka 2003, inavitaka viwanda vifanyiwe ukaguzi wa mazingira na ripoti zifikishwe kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi, cha 35 kinatupa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 imefafanua namna ya kuziomba. Tatizo ni hilo neno kuomba. Anayeomba ni lazima kwanza ajue kwamba kuna kitu cha kuombwa.

Mwaka juzi nilikwenda hadi lango la kiwanda kimoja kisicho mbali na kwangu, baada ya kuona vumbi la kijivu likiganda juu ya mifuniko ya mapipa ya jirani yangu, vumbi ambalo yeye hulifuta kwa kitambaa kila alfajiri kabla ya kuteka maji ya chai. Bawabu alinipokea kwa heshima, akaniita karani. Karani alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, ripoti ipo, lakini hiyo ni ya serikali na wakubwa." Simlaumu kijana yule, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni ya jirani yangu pia.

Tukiiga, tusiige kila kitu. Kule Marekani wajibu huo huvihusu viwanda vyenye wafanyakazi wa muda wote wasiopungua 10, na kwa kemikali nyingi kiwango cha kuanzia ni zaidi ya tani 11 kwa mwaka kwa anayeitengeneza au kuisindika. Kwa risasi, kiwango kilishushwa tangu hesabu ya mwaka 2001 hadi ratili 100, yaani kilo 45 hivi. Betri moja ya gari hubeba takriban kilo 9 au 10 za risasi. Hivyo betri tano tu zinatosha kukiingiza kiwanda katika orodha, na mwenye tanuru la kuyeyusha betri angevuka mpaka huo asubuhi ya kwanza ya mwaka. Kilo 45 ni kipimo kizuri kwetu. Watu 10 si kipimo kizuri, kwa sababu hapa betri nyingi huvunjwa na vijana watatu au wanne nyuma ya ua wa mabati, na sumu haihesabu walioajiriwa.

Najua pia kwamba kilo zinazoandikwa mara nyingi ni makadirio ya kiwanda chenyewe, na kwamba zinaonyesha kilichotoka bila kuonyesha kilichoingia mwilini mwa mtu. Ndiyo maana kudanganya au kunyamaza lazima kuwe na faini inayouma, na maafisa wa NEMA wawe na vifaa vya kwenda kupima wenyewe. Kama siri ya biashara itadaiwa, idaiwe kwa maandishi na ithibitishwe mbele ya NEMA, na kilo zitangazwe vivyo hivyo.

Bunge lianze na risasi peke yake, kwa kila anayevunja au kuyeyusha betri kuukuu nchini, awe mkubwa au mdogo. Iwekwe tarehe moja ya mwaka isiyosogezwa, na taarifa ichapishwe kwa Kiswahili, ikiwa na jina la kiwanda na mahali kilipo, katika tovuti ya NEMA na kwenye ubao wa ofisi ya chifu wa eneo hilo, mahali ambapo jirani yangu hupita kila juma akienda sokoni.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mombasa