Barua kwa mwanangu aliyepewa umakamu

Nkuhungu, Dodoma

Mwanangu Neema,

Hujambo? Huku hatujambo, isipokuwa bibi yako na goti lake, ambalo humtangazia mvua kabla ya redio. Safari hii limemdanganya. Mvua imenyesha mara mbili tu na wenye uwele huko Mvumi wanatazama juu. Mdogo wako Baraka amemaliza mtihani wa muhula, matokeo anayaficha.

Jumapili ulipopiga simu nilikuwa hapo hapo kibarazani nikimenya karanga, na unaijua simu ya mama yako, akiongea nayo mtaa mzima unasikia. Nikasikia kwamba uligombea uenyekiti wa chama cha wanafunzi wa idara yenu, ukapitwa kwa kura tisa, wakakupa umakamu. Nikasikia na ulivyosema: "Makamu ni spea tairi tu, mama." Mama yako akacheka. Mimi nikanyamaza, kwa sababu nimefanya kazi masijala za vyuo vikuu zaidi ya miaka thelathini, na mafaili ya hao unaowaita spea tairi ndiyo yaliyonishusha bega la kulia. Nikasema nitaandika, maana kwa simu utanikatiza.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipoanza kazi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1989 nilikuwa tarishi, nimevaa shati la kuazima kwa baba yako mdogo. Wiki ya kwanza nikapewa bahasha ya kaki, imeandikwa juu yake "Mkuu wa Chuo". Nikapanda ngazi za jengo la utawala mbio mbio hadi mlango wa Profesa Geoffrey Mmari, kwani nilikuwa nimeshaona watu wote wakisimama akipita. Katibu muhtasi wake akaitazama bahasha, akanitazama mimi kuanzia viatu. "Kijana," akasema, "Mkuu wa Chuo anakaa Magogoni." Nilidhani ananitania. Kumbe Mkuu wa Chuo alikuwa Rais Ali Hassan Mwinyi, na Mmari, ambaye chuo kizima kilikuwa kichwani mwake kuanzia mishahara ya wapishi hadi mitihani ya wahandisi, cheo chake kilikuwa Makamu.

Huo ndio mpangilio wetu hadi leo. Mkuu wa Chuo huja siku ya mahafali amevaa joho zito, siwa ikitangulizwa mbele yake, akawatunuku wahitimu shahada, akapigiwa makofi, akaondoka. Makamu ndiye anayelala na chuo na kuamka nacho. Mwanafunzi akikosa mkopo, anatajwa Makamu. Maji yakikatika hosteli, ni Makamu. Mhadhiri akidai malimbikizo yake, barua inaanza "Kwako Makamu Mkuu wa Chuo". Sijawahi kuona barua ya malalamiko ya maji ikienda kwa Mkuu.

Mpangilio huu tumeutoa wapi? Uingereza. Chuo chetu cha Mlimani kilipofunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, hakikuwa chuo kikuu kamili. Kilikuwa tawi lililolelewa na Chuo Kikuu cha London, na masomo yenyewe yalianzia katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu, cha sheria, wanafunzi hawafiki ishirini. Shahada waliyoisomea ilikuwa ya London, na Mkuu wa Chuo wa London wakati huo alikuwa Malkia Elizabeth, yule mama yake Malkia Elizabeth wa Pili. Fikiria vijana wetu pale Mnazi Mmoja, kelele za sokoni dirishani, mkuu wao ni bibi wa kifalme asiyejua Kariakoo iko upande gani. Aliyewaongoza kwa siku zote alikuwa Cranford Pratt, Mkanada, cheo chake mkuu wa chuo kishiriki. Mwaka 1965 akampokea Wilbert Chagula, daktari, Mtanzania wa kwanza kukikalia kiti hicho. Wakati huo chuo kilikuwa kimeshahamia Mlimani, nacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mkuu wa hicho kikubwa cha nchi tatu alikuwa Mwalimu Nyerere, na Makamu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Bernard de Bunsen.

Mwalimu kwa ukuu wa chuo hakuwa wa joho tu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana na majoho yao kupinga sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, mabango mengine yakidai afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha nyumbani zaidi ya 300, na siku hiyo hiyo akatangaza kujikata mshahara wake kwa asilimia 20. Nilipoanza kazi, wazee wa masijala walikuwa bado wanaisimulia kama ya jana.

Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikavunjwa, kila nchi ikabaki na chake. Mlimani kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Rais akiwa ndiye Mkuu. Sasa sikiliza nani alipewa umakamu. Hakuwa profesa. Alikuwa Pius Msekwa, katibu mtendaji wa TANU, kabla ya hapo katibu wa Bunge, hajafika hata miaka arobaini. Chama kilitaka mtu wake pale juu, na hakikuficha. Mwaka uliofuata rais wa wanafunzi, Mkenya aitwaye Symonds Akivaga, akamwandikia barua ya wazi akilalamikia uendeshaji wa chuo kwa amri. Askari wa kutuliza ghasia waliingia chuoni wakamchukua, na wenzake wakagomea masomo. Ona lakini barua ilikwenda kwa nani.

Msekwa akakaa hadi 1977. Baada yake Ibrahim Kaduma, aliyetoka kuwa waziri wa mambo ya nje, kisha mwaka 1980 Nicholas Kuhanga, naye aliwahi kuwa waziri wa elimu. Wanasiasa watatu mfululizo, miaka 18. Wako wanaosema hawa waliharibu taaluma. Mimi siko upande huo moja kwa moja, maana mtu anayempigia waziri simu na ikapokelewa anapata fedha za madawati ambazo profesa mpole angezisubiri hadi astaafu. Ila heshima ya mwalimu darasani haitoki chamani, na hilo wenyewe walikuja kuliona. Mmari alipoingia 1988 alikuwa mwalimu kweli kweli, mtu wa hesabu, na tangu hapo hakuna aliyetoka nje ya darasa. Mathew Luhanga, mhandisi, aliingia 1991 akakaa miaka 15. Rwekaza Mukandala wa sayansi ya siasa akafuata, na tangu 2017 William Anangisye wa elimu. Luhanga alikikuta chuo kimechoka, kimetoka kufungwa 1990 kwa migogoro ya wanafunzi, paa zinavuja. Mageuzi aliyoyaanza 1994 ndiyo yaliyotuletea kompyuta masijala. Nilizichukia mwaka mzima.

Na ukuu nao ukabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Rais aliacha kuwa Mkuu wa Chuo mwenyewe, akawa anateua mtu. Akateuliwa Paul Bomani, mzee wa ushirika wa pamba kule Ziwa, baadaye Fulgence Kazaura, na sasa ni Jakaya Kikwete.

Nikuambie na habari ya mihuri, kwa kuwa hiyo niliishika kwa mikono yangu. Sheria ya vyuo vikuu ya 2005 ilipokuja, vyeo vilianza kubadilishwa majina. Chini ya Makamu palikuwa na Afisa Mkuu wa Taaluma na Afisa Mkuu wa Utawala. Wakageuka kuwa Manaibu Makamu, mmoja wa taaluma, mmoja wa mipango, fedha na utawala. (Bibi yako nilipomweleza kwamba kuna mtu anaitwa naibu wa makamu wa mkuu, aliuliza kama na huyo naye ana msaidizi. Anaye.) Basi mihuri ya zamani haifai tena, na muhuri wa ofisi hautupwi jalalani, utaokotwa na matapeli. Tulikaa watu watatu, mmoja anaandika orodha, mmoja shahidi, mimi na wembe. Unaushika muhuri kichwa chini, unapitisha wembe kati ya mpira na mti, taratibu, mpira unabanduka kama ganda la muwa, herufi zake zimegeuka kinyume na wino wa zambarau umeshaingia kwenye kucha. Mipira tukaichoma nyuma ya jengo, ikanuka siku nzima. Vishikio vya mti vikabaki kwenye boksi, vizima, vimeng'aa kwa viganja vya watu, ili fundi avibandikie mpira mpya. Kimoja kilikuwa na ufa, fundi akakikataa. Nikapewa.

Mwaka 2007 nikaomba kuja nyumbani, Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilipoanza. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Palikuwa na vichaka na jengo la Chimwaga juu ya kilima, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mikutano ya CCM. Ndani ya ukumbi ule, Julai 1995, chama kilimchagua Benjamin Mkapa kuwa mgombea urais, Kikwete akiwa mmoja wa walioshindwa. Miaka kumi na miwili baadaye Kikwete, sasa Rais, akaleta chuo kikuu pale pale, na Mkapa akawa Mkuu wa chuo hicho mpaka alipofariki 2020. Sisi wa masijala tulikuwa na meza mbili na kabati moja ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba ya katani.

Makamu wa kwanza alikuwa Profesa Idris Kikula, mtaalamu wa mazingira. Huyo ndiye aliyenifundisha maana ya umakamu, ingawa hakuwahi kujua jina langu. Chuo kilipanuka kwa kasi, majengo yanasambaa mpaka Ng'ong'ona, vumbi jekundu kila mahali, na kila jengo lina faili, na kila faili lina dokezo linalosubiri sahihi yake. Kwa mahafali yeye ndiye anayesoma taarifa ndefu ambayo watu hawaisikilizi kwa joto la kwenye mahema, halafu anamgeukia Mkuu na kumkabidhi wahitimu. Makofi yanakwenda upande ule wa pili. Aliondoka baada ya miaka kumi, akafuata Egid Mubofu, kisha Faustine Bee, kisha Lughano Kusiluka.

Umeona ninavyoorodhesha wanaume? Hata mimi nimeliona wakati naandika. Mlimani, tangu Msekwa hadi Anangisye, majina saba, hakuna mwanamke. UDOM manne, hakuna. Penina Mlama alifika kuwa Afisa Mkuu wa Taaluma pale Mlimani, na nilishapeleka mafaili ofisini kwake. Alikuwa akisoma dokezo lote kabla ya kuweka sahihi, jambo ambalo sikuliona kwa wengi. Kwenye vyuo binafsi Esther Mwaikambo, yule daktari, aliwahi kuwa Makamu Mkuu pale Hubert Kairuki. Kwenye hivi viwili nilivyovitumikia mimi kiti bado kinasubiri, na sijui kinasubiri nini.

Sasa hayo ya idara yenu. Mwenyekiti aliyekupita kwa kura tisa atasimama mbele kukaribisha wageni, mwache asimame. Wewe omba ukae na daftari la mahudhurio na kitabu cha risiti za michango. Omba nakala ya katiba ya chama, uisome hadi kifungu cha mwisho, kwa sababu wengi wanaogombea hawajaisoma. Barua zote zinazotoka zipitie kwako, na kila moja ibaki na nakala na tarehe. Mkitaka kuonana na Amidi, mkuu wa kitivo, au huyo mkuu wa chuo cha ndani ya chuo kikuu mnayemwita Rasi wa Ndaki (mimi rasi niliyoijua ni ya jiografia), andika wewe ombi, kwa mkono unaosomeka. Ukifika kwa katibu muhtasi msalimie kabla ya kutaja shida yako, na umuulize bahasha inaandikwaje. Mimi sikuuliza.

Mama yako anakutumia furushi kwa basi la Alhamisi asubuhi: karanga, unga wa uwele na mlenda uliokaushwa. Zabibu hazijaiva. Nitakutumia namba ya basi, uwe stendi ya Magufuli mapema, wakikaa nalo sana wanadai hela ya kuhifadhi. Pesa ya matumizi nitaweka tarehe tano, pensheni ikiingia.

Mama yako ameniita nimpelekee kile kishikio cha muhuri, anataka kutwanga kitunguu saumu cha mboga ya usiku. Kinu tunacho, ila anasema kishikio kinaukaa mkono vizuri zaidi. Nilimwambia zamani kilikuwa cha nani, akasema kitunguu hakijui.

Ni mimi,
Baba yako