Mwanangu, kwa nini hukuirudisha ile sahani?

Mwanangu,

Sisi huku Kirumba, Mwanza, hatujambo, mawazo yetu yote yako huko Lyon. Ile picha uliyonitumia ya samaki uliyeletewa mgahawani nimeikuza hadi mwisho, na nilichokiona kimeninyima raha. Kwa nini hukuirudisha ile sahani?

Hebu itazame tena. Kwenye mistari ya mnofu vimejitokeza vitonge vyeupe, na chini yake kuna maji. Hiyo ni protini iliyokamuliwa. Mnofu wa sandre, huyo samaki wa maji baridi uliyeagiza, kama wa sangara wetu, huwa tayari katikati yake ikifika nyuzi 55 hivi. Ukishapita 60 unajikaza na kutoa maji yake yote, na hapo hata ndimu haimwokoi samaki. Sasa angalia mchuzi: siagi imejitenga ukingoni, manjano tupu, katikati umebaki uji mweupe. Umekatika kama tui lililoachwa likachemka bila kukorogwa.

Na beurre blanc yenyewe, huo mchuzi wa siagi, wala si ngumu. Vitunguu shaloti viwili vilivyokatwa vidogo sana, nusu glasi ya mvinyo mweupe, siki nusu ya hapo. Chemsha mpaka vibaki vijiko viwili vya chakula. Punguza moto, kisha tia siagi ya baridi gramu 200, kipande kimoja kimoja, huku unapiga kwa mchapo bila kuacha. Kuanzia hapo mchuzi usichemke tena, maana ukikaribia nyuzi 60 mafuta yanajitoa. Ukiona unaanza kung'aa pembeni, ondoa motoni, tia kijiko cha maji baridi, piga kwa nguvu. Mara nyingi unarudi.

Samaki akikauka peke yake, mpishi amemsahau motoni. Mchuzi ukikatika peke yake, aliyeupika alikuwa na haraka. Vyote viwili kwenye sahani moja, mimi nasema sahani yako ilikaa chini ya taa ya joto kwenye dirisha la jikoni. Umesema mwenzako aliagiza kifua cha bata kilichoiva kabisa. Kifua cha bata huanzia kwenye kikaango baridi, ngozi chini, ili mafuta yatoke taratibu, kisha kipumzike kabla ya kukatwa. Ukitaka kiive kabisa, dakika zinaongezeka, na samaki wako anaendelea kuiva huku akisubiri. Aliyepanga oda angemtia samaki motoni bata akiwa anapumzika. Ile suflee, chakula cha mayai kinachoumuka ovenini, iliyofika imelala ni ugonjwa huohuo: ikitoka ovenini ina dakika chache tu za kusimama, na mhudumu hakuwepo wa kuibeba.

Kwa hiyo kosa lao lilikuwa wazi, na wewe ulilijua. Jina la mchuzi uliliandika sawasawa, na ukaniambia umekatika kabla sijauliza. Nilimsomea baba yako kwa sauti. Halafu mhudumu anauliza kama chakula ni kizuri, unasema kizuri sana, unalipa euro 85! Najua hapa nyumbani aliyelalamikia chakula alinyang'anywa sahani. Sawa. Lakini wale si mama yako, wale unawalipa.

Sahani hurudishwa baada ya tonge la kwanza au la pili, si ukishamla nusu. Unamwita mhudumu, unasema kwa sauti ya kawaida: le poisson est trop cuit, samaki ameiva kupita kiasi. Huombi radhi, hucheki. Watapika mwingine au watamwondoa kwenye bili. Halafu nimeona chupa mbili za maji kwenye bili. Omba carafe d'eau, maji ya bomba, hayalipiwi, na mkate wa mezani pia haulipiwi. Bei za Ufaransa zina huduma ndani yake tayari, kwa hiyo zile euro 10 ulizoacha mezani hukudaiwa na mtu.

Baba yako mdogo anakuja mwezi ujao na unataka kumpeleka palepale. Mpeleke mchana wa siku ya kazi: migahawa mingi ina menyu ya mchana ya bei nafuu kutoka jiko lilelile. Tafuta alama ya fait maison, ile sufuria yenye paa la nyumba. Maana yake chakula kimepikwa hapo kwa malighafi, hakikuletwa tayari. Muagize wote vitu vya muda unaolingana, na suflee isemwe mwanzoni. Na ukikuta perche du Nil kwenye orodha, pita. Huyo ni sangara wa kwetu, utakuwa unamlipia nauli ya ndege.

Ila samaki si kitu. Ninachokiogopa ni kwamba na chumba unakilipia hivyohivyo, hita imekufa na wewe unasema asante. Umemwambia mwenye nyumba? Kwa maandishi? Usinijibu "nitaona".

Friji letu mpira wa mlango umelegea, umeme wa luku unakwisha kabla ya Ijumaa. Fundi anataka kubadilisha mlango mzima. Nimemkatalia, mpira unauzwa peke yake.

Samli usiitarajie. Nyama na vitu vya maziwa haviruhusiwi kuingia Ulaya kwenye mizigo ya abiria. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo nitakufungia dagaa wa kuanikwa kwenye chanja, si wale wa mchangani wanaokwaruza meno. Lazima ninunue kabla mbalamwezi haijawa kubwa, maana wavuvi wa dagaa wanaotumia taa za karabai wakiacha kuingia ziwani bei inapanda siku hiyohiyo. Sema mapema kama ni kilo mbili au tatu. Begi la baba yako mdogo likizidi uzito atalipa yeye, kisha atanidai mimi.

Mama yako