Mwanangu, usifunge hayo makopo kwanza

Mwanangu,

Hongera kwa nyumba mpya. Umesema mbegu umeshazipanga makoponi tayari kwa safari, nami nikafurahi, mpaka ulipoongeza, kama jambo dogo tu, kwamba ulizifunga siku ile ile ulipozianua. Tangu hapo sina raha. Fungua makopo yote leo, usingoje kufika huko.

Mbegu inaweza kuwa kavu mkononi na bado ina maji ndani. Ukiifungia, maji hayo hayana pa kutokea: kopo linatoa jasho, ukungu unashika, na hata usipoona ukungu mbegu inazeeka upesi. Wataalamu wa mbegu wana hesabu yao: kila asilimia 1 ya unyevu unaoupunguza, umri wa mbegu hukaribia kuongezeka mara mbili. Basi pima. Harage ligonge kwa nyundo. Lililokauka hupasuka vipande, lenye maji hupondeka. Mbegu ya boga ikunje. Ikivunjika kwa mlio, sawa. Ikipinda, irudi kwenye ungo, kivulini penye upepo. Usiiweke juu ya jiko hata kama una haraka, joto likipita nyuzi 35 kiini kinaumia. Lile kopo la bamia lisiloota hata moja ulilaumiwa wewe, lakini kifuniko nilikifunga mimi kwa mkono wangu.

Kama siku hazitoshi, kaanga mchele bila mafuta mpaka ukauke kabisa, uache upoe ndani ya chombo kilichofungwa, ujaze nusu ya kopo, mbegu ziwe kwenye bahasha za karatasi juu yake. Wiki mbili. Kisha zihamishe.

Za nyanya umezisafisha vizuri kuliko mimi. Siku mbili tatu kwenye maji yake, unakoroga, ule ute unaozuia kuota umeisha, zilizo nzima zimezama. Ila kikombe ulichokisahau siku 5 kimeshachipua. Zile zenye vimizizi tupa, ukizikausha zinakufa. Na kwa nini umezianika kwenye karatasi tena? Zinagandia. Tumia sahani.

Tatizo lako ni kuchagua. Nyanya nzuri za mwanzo mnakula, mbegu mnaachia vile vidude vya mwisho kwenye mche uliochoka. Funga kitambaa mche bora mapema, kabla watu hawajaufikia. Na kama ulinunua mbegu chotara, watoto wake hawatafanana naye, usinilaumu.

Maboga siyaamini. Aina mbili zilichanua pamoja, na nyuki hawajui mpaka. Msimu ujao, jioni funga kwa uzi ua dume na ua jike yanayokaribia kufunguka, asubuhi uyafungue, upake chavua ya dume kwenye jike, ulifunge tena. Boga likikomaa likae wiki 3 au zaidi baada ya kuvunwa kabla hujatoa mbegu. Mbegu hizi za sasa zikizaa boga chungu, tema, usipike. Uchungu ule ni sumu na moto hauuondoi.

Maharage yana fukusi. Siku kadhaa kwenye friza zinawamaliza, lakini narudi pale pale: yakauke kwanza, kwani mbegu yenye maji ikiganda huchanika ndani. Ukilitoa kopo, usilifungue mpaka lipate joto la chumba, la sivyo umande unatua juu ya mbegu na kazi yote inaanza upya.

Vitunguu umeandika "za zamani". Za mwaka gani? Mbegu ya kitunguu ni ya mwaka mmoja au miwili, si kama nyanya inayofika 4 na zaidi. Weka 10 kwenye kitambaa chenye maji, uhesabu baada ya siku 10. Zikiota 5 panda kwa wingi, zikiota 2 achana nazo.

Ungo ni wangu, urudi. Makopo matatu ya vifuniko vyekundu ni ya dada yako, ameshaniuliza mara mbili. Na ufunguo wa stoo uko mfukoni mwa koti lako la kijivu, usiende nao.

Ukishafungua, pitisha kidole chini ya kila kifuniko kwa ndani, uniambie kama kimelowa.

Mama yako