Shukrani kwa Mhadhiri wa Stesheni ya Tabora

Kwako mama mhadhiri ambaye, tulipokuwa tukisubiri treni ya Kigoma, ulikubali kunifafanulia mimi, mwalimu wa uchumi wa sekondari, utafiti wa Jean Tirole, mwanauchumi wa Toulouse, Ufaransa, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuchambua nguvu ya kampuni kubwa sokoni na namna ya kuzidhibiti: nakushukuru kwa dhati.

Kwa mfano wa soko la simu, ulinionyesha kwamba simu inapovuka mtandao mmoja kwenda mwingine, kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya mpokeaji ada ya muunganisho, na kwamba ada hiyo ikiwa juu, kupiga nje ya mtandao huwa ghali, wateja huikimbilia kampuni yenye watu wengi, na kampuni changa hushindwa kukua hata kama minara yake ni mizuri. Ndiyo sababu ada hiyo haiachwi mikononi mwa kampuni zenyewe, bali husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Sasa wanafunzi wangu, ambao wazazi wao wengi hubeba laini mbili au tatu, hulijadili soko hilo kwa hoja, wala si kwa kukariri (furaha yangu hapo haisemeki). Sikupata jina lako, mama; Mwenyezi Mungu akuzidishie.