Kile kipande cha anwani, usikitume bado

Swahiba wangu Salim,

Salamu nyingi sana. Natumai hujambo, na mama naye goti limetulia. Sisi wazima. Zuhura anakusalimu, na anasema kile kitabu hajakisahau. Najua nimekaa kimya miezi mingi na naomba unisamehe; yaliyonisibu nitakusimulia tukikaa pamoja. Leo nina jambo moja, na lina haraka. Kama bado hujawakabidhi wale watu programu yako, subiri kwanza. Kile kipande nilichokupa mwaka juzi, cha kuitafuta anwani ya kompyuta mtandaoni (IP), kina kosa, na aliyekupa ni mimi.

Unakikumbuka: unalichukua jina la mashine kwa gethostname, unalipeleka kwa gethostbyname ikutafutie anwani za jina hilo, inayorudi ya kwanza ndiyo unayoionyesha. Mistari mitatu. Nikakuambia imetosha.

Juzi Zuhura aliitumia programu yangu yenye kipande hichohicho kwenye semina yao. Ukutani panatokea maandishi makubwa, "Fungua anwani hii kwenye simu yako ujiandikishe," na chini yake namba. Watu kama arobaini wamekaa, simu mkononi, wanaandika walichokiona. Hakuna hata mmoja aliyefika. Namba iliyokuwa ukutani ilikuwa 127.0.1.1, na zinazoanza na 127 humaanisha "mashine hiihii." Kila simu ikawa inajitafuta yenyewe! Zuhura akanipigia, nyuma yake nasikia viti vinasogezwa na mtu anauliza kama wajiandikishe kwa karatasi tu. Wakaandika kwa karatasi. Iliniuma sana, kwa sababu alikuwa ameisifia programu ile mbele ya wote.

Kompyuta ile ilikuwa mpya, ina Debian, aina ya Linux. Debian ikisimikwa kwenye mashine isiyo na anwani ya kudumu, huandika jina la mashine ndani ya /etc/hosts kando ya 127.0.1.1. Kwa hiyo gethostbyname haikudanganya hata kidogo. Iliulizwa jina hili lina anwani gani, ikasoma faili, ikajibu. Sisi ndio tulioulizia jina, wakati tulichokihitaji ni kadi za mtandao. Kwenye kompyuta yangu ya zamani majibu mawili hayo yalilingana kwa bahati, na miaka yote ile nikadhani ni kitu kimoja.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike hata ukiyasahau mengine yote: kompyuta haina "anwani yake." Ina orodha. Anwani haikai kwenye kompyuta, inakaa kwenye kiolesura, yaani mlango wa mashine wa kuingilia mtandao, na violesura ni vingi kuliko vile unavyoviona kwa macho. Hii hapa ndiyo niliyoipata kwenye laptopu ninayokuandikia, baada ya kuandika upya:

lo 127.0.0.1
eth0 192.168.1.20
wlan0 192.168.1.37
docker0 172.17.0.1

Hizo ni za IPv4 tu, mtindo wa zamani wa anwani. Kebo ina yake, waifai ina yake, docker0 si kadi kabisa, ni daraja la ndani ya mashine, na lo ni mashine kujisemesha. Ongeza IPv6, mtindo mpya, na kwa kawaida kila kiolesura kilicho hai, ukiacha lo, kinajipa anwani moja inayoanza na fe80. Sasa niambie, hapo "anwani ya kwanza" ni ipi?

Njia sahihi kwenye Linux, BSD na Mac ni getifaddrs. Ilitoka kwa watu wa BSD, na glibc, maktaba ya C ya Linux, inayo tangu toleo la 2.3, kwa hiyo usiogope kwamba mashine za wateja hazitakuwa nayo. Kama ile programu ya simu bado unaitengeneza, kwenye Android imo kuanzia API ya 24. Unaiita mara moja, inakurudishia mnyororo: kila pingu ina jina la kiolesura, bendera zake, anwani, na kielekezi cha kwenda pingu inayofuata. Unatembea mpaka mwisho. Jina moja litajirudia, usishangae. Eth0 yangu inatokea mara tatu, mara moja kwa anwani ya kadi yenyewe (MAC), mara moja kwa IPv4, mara moja kwa IPv6. Kwa hiyo usihesabu pingu ukasema umehesabu kadi.

Utakutana na watu watakaokuambia utumie ioctl na SIOCGIFCONF, njia ya zamani ya kuuliza orodha hiyohiyo. Hata mwalimu wangu alinielekeza huko. Mimi nakusihi uiache. Kwenye Linux inakupa IPv4 peke yake, na bafa, nafasi ya kupokelea majibu, unaipima wewe, na wengi hukisia tu. Ukiikisia ndogo, haikupi kosa lolote. Inajaza zilizoenea na nyingine inazikata kimyakimya. Mashine yenye violesura vitatu inafanya kazi vizuri, yenye ishirini inapoteza kadhaa, na wewe huna habari. Kosa linalopiga kelele nalivumilia, hili la kimya hapana.

Sasa pale nilipopoteza usiku mzima. Programu mpya ilikuwa inakwenda vizuri, halafu nikiwasha VPN inakufa papo hapo. Nikizima, inapona. Nikailaumu VPN mpaka karibu alfajiri. Kumbe ifa_addr, sehemu ya pingu inayoelekeza kwenye anwani, inaruhusiwa kuwa NULL, yaani tupu, na kiolesura cha tun, kile kinachoundwa na VPN, kwa kuwa hakina anwani ya kadi, hukuletea pingu yenye jina na bendera lakini anwani hakuna. Mimi nilikuwa naenda moja kwa moja kusoma sa_family, aina ya anwani, ndani ya kitu kisichokuwepo. Mstari mmoja tu wa kuangalia kama ni NULL, kabla ya kitu kingine chochote, na mambo yakatulia. Uweke hata kama kwako haijawahi kufa.

Ukishapita hapo, angalia familia: AF_INET (IPv4) au AF_INET6 (IPv6), nyingine ruka. Kuigeuza iwe maandishi tumia getnameinfo na NI_NUMERICHOST. Inet_ntop nayo inafaa, ila zile za fe80 haziwezi kutumika bila kujua ni za kiolesura gani, na getnameinfo inakubandikia mwishoni alama ya asilimia na jina, %eth0. Angalia sana urefu unaoipa. Ukiandika sizeof ya sockaddr tupu ni baiti 16, IPv4 zitapita zote, na IPv6 zitakataliwa zote kwa sababu sockaddr_in6 ni baiti 28. Ipe kila familia kipimo chake.

Halafu freeifaddrs, ya kuachia kumbukumbu, kwa kichwa cha mnyororo. Nasema kichwa kwa sababu nimeusoma msimbo wako wa ule mradi wa kwanza: unapenda kusogeza kielekezi kilekile ulichopewa. Ukifika mwisho umeshika NULL mkononi na kumbukumbu yote imebaki nyuma yako. Sogeza nakala.

Kuchagua ndiko kugumu, na hapo hakuna kitu kitakachokuamulia. Mimi natupa zenye bendera ya IFF_LOOPBACK (za kujisemesha), natupa zisizo na IFF_UP (zilizozimwa), natupa 169.254, maana hiyo kwa kawaida mashine imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kuigawia. Zinazobaki naonyesha ZOTE, kila moja na jina la kiolesura chake. Zuhura alipoiona akaniuliza kwa nini namchosha na namba mbili. Nikamwambia mojawapo ni ya kebo na nyingine ya waifai, na wewe ndiye unayejua wageni wako wapo kwenye upi. Akakubali.

Kama unalazimika kuonyesha moja tu, fungua soketi ya UDP, iite connect kwenda anwani ya mbali, mfano 192.0.2.1 iliyotengwa kwa ajili ya mifano, kisha uliza getsockname. Hakuna pakiti inayotoka. Mfumo unaangalia tu jedwali lake la njia na kukuambia ungetokea mlango gani. Ni jibu zuri kwa swali la mlango wa kutokea, basi. VPN ikiwa juu inaweza kukupa anwani ya VPN, na mashine isiyo na njia ya kwenda nje haikupi kitu, connect inashindwa. Kwa ukumbi usio na intaneti, kama ule wa Zuhura, haifai. Na anwani ambayo dunia inakuona nayo nje ya ruta hutaipata kwa njia yoyote kati ya hizi, kwa sababu haiko kwenye kompyuta yako. Wakikuuliza, waambie hivyo bila kuzunguka.

Hapa ndipo nina ombi. Upande wa Windows hakuna getifaddrs, kuna GetAdaptersAddresses, na mimi mashine ya Windows sina tena. Nimeandika kwa kufuata maelezo yao: unaanza na bafa ya KB 15, ikirudisha ERROR_BUFFER_OVERFLOW unaongeza bafa hadi kipimo ilichokupa na kurudia. Inajengeka, lakini sijaiona ikitembea kwa macho yangu, na baada ya yaliyotokea ukumbini sitaki kumpa mtu kitu ambacho sijakiona. Nakutumia faili pamoja na barua hii. Niendeshee mara mbili tu, kebo ikiwa imechomekwa kisha ikiwa imechomolewa, unirudishie kila inachoandika, hata kama inaonekana sawa.

Kwa hiyo niambie: umeshakabidhi, au bado? Kama umeshakabidhi, wao wanatumia Debian au nini, na kuna mahali programu inaionyesha ile namba kwa watu au inaandika kwenye faili tu? Ile mashine yako ya Windows bado hai? Utaweza kuniendeshea kabla ya Alhamisi? Zuhura ana semina nyingine wiki ijayo na amesema atanipa nafasi tena, na safari hii nitakwenda mwenyewe. Na mama, kweli anaendeleaje? Ulisema ana miadi nyingine na daktari, ilikwendaje?

Nijibu hata kwa mstari mmoja, nijue umesimamisha.

Wako,
Idi