Bango la afya halitoshi, tazameni ratiba ya zamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie taarifa mliyoichapisha kuhusu kampuni zinazoanzisha programu za afya kwa wafanyakazi. Sipingi kupimwa shinikizo la damu wala mazoezi ya pamoja, lakini ratiba ya kazi ina nguvu kuliko hayo yote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko katika hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya anayefanya saa 35 hadi 40. Saa hizo hazipunguzwi na semina ya lishe.

Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo bango la "Kunywa maji ya kutosha" lilibandikwa juu ya dawati la mapokezi. Aliyeketi hapo hakuruhusiwa kwenda msalani mpaka apatikane wa kumshikia zamu. Chupa yake ilishinda imejaa. Aliyebandika bango, nadhani, hakuwahi kukalia kiti kile.

Napendekeza waajiri waanze na kanuni zao wenyewe: kikomo cha saa za ziada, likizo ya ugonjwa yenye malipo, na mapumziko yasiyoombwa kwa kubembeleza. Wakaguzi wa kazi nao, wakishamaliza kuhesabu vizima moto, waombe kuonyeshwa daftari la zamu.

Wako,
Msomaji